Hewa ya Darasani na Nambari Zilizokataa

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa mtaka cha mvunguni sharti ainame. Hata hivyo, methali hiyo haisemi lolote kuhusu yule aliyeinama, akatia mkono mvunguni, kisha akatoa kitu ambacho sicho alichokitafuta. Utafiti wa wanafunzi katika vyuo vikuu vyetu aghalabu husimuliwa kana kwamba ni safari iliyonyooka: tatizo, malengo, mbinu, matokeo, hitimisho. Tasnifu huwa na sura tano, na katika hizo tano hamna hata moja inayotengewa yaliyoharibika njiani. Ndiposa kisa cha mwanafunzi mmoja wa shahada ya uzamili katika sayansi ya mazingira, aliyekwenda kupima hewa ya darasa moja huko Limuru mwaka wa 2024, kinastahili kuelezwa kwa mapana. Kinastahili hata zaidi katika jarida la wanafunzi wa Kiswahili, kwa kuwa mojawapo ya vikwazo vilivyomkabili ilikuwa lugha yenyewe.

Swali alilolibeba lilikuwa dogo: je, wanafunzi wa shule ya msingi ya kutwa, katika msimu wa baridi kali, hupata hewa ya kutosha wakiwa darasani? Ili kulijibu alichagua kupima gesi ya kaboni dayoksaidi. Ikumbukwe kuwa gesi hiyo, kwa viwango vya kawaida vya darasani, si sumu. Thamani yake ni kuwa kielelezo tu. Pumzi anayoitoa binadamu huwa na takriban asilimia 4 ya gesi hiyo, ilhali hewa ya nje siku hizi ina sehemu 420 na ushei kwa kila milioni. Kadiri kiwango kinavyopanda darasani, ndivyo watoto wanavyozidi kuvuta pumzi ambazo zimekwisha kupita katika mapafu ya wenzao, pamoja na vijidudu vya maradhi vilivyomo. Maarifa haya si mapya. Mwaka wa 1858 Max von Pettenkofer, mwanasayansi wa mji wa München nchini Ujerumani, alipendekeza kuwa chumba wanachokaa watu kisizidi sehemu 1000 kwa milioni. Pendekezo hilo lingali linatajwa hadi leo.

Mwongozo wa viwango vya usalama shuleni uliotolewa na Wizara ya Elimu ya Kenya mwaka wa 2008 unasema kuwa darasa la mita 7.5 kwa mita 5.85 lisipitishe wanafunzi 40 wanaoketi wawili wawili kwenye dawati. Darasa alilolichagua mtafiti lilikuwa na ukubwa uo huo, lakini lilikuwa na wanafunzi 62 wa Gredi ya Sita. Alipiga hesabu kwenye karatasi kabla hajaondoka chuoni. Mtoto aliyeketi hutoa kama lita 12 za kaboni dayoksaidi kwa saa. Iwapo darasa hilo, lenye kimo cha mita 3 hivi, lingezibwa kabisa, kiwango cha gesi kingepanda kwa karibu sehemu 1000 kila baada ya dakika 10. Bila shaka hakuna darasa lililozibwa kama chupa. Lakini hesabu hiyo ilimpa hofu, na hofu hiyo ndiyo iliyomwondoa chuoni.

Vikwazo vya mwanzo vilikuwa vile ambavyo kila mtafiti nchini anavijua. Alihitaji leseni ya NACOSTI, barua ya mkurugenzi wa elimu wa kaunti, ridhaa ya mwalimu mkuu, kisha sahihi za wazazi. Alipokamilisha hayo yote, mvua ya masika ya mwaka huo ikaleta mafuriko, na muhula wa pili uliokuwa uanze tarehe 29 Aprili ukasogezwa mbele hadi Mei 13. Ratiba aliyokuwa ameichora kwa rula ikapoteza wiki mbili kabla hajapima chochote.

Kikwazo kilichofuata kilitokana na mlima. Mtafiti huyu alikuwa mzaliwa wa Kwale, na katika likizo alikuwa amekijaribu kifaa chake uani kwao, kikasoma 420 bila tatizo. Alipokiwasha katika uwanja wa shule kule Limuru, kilisoma 330. Alikizima na kukiwasha tena mara kadhaa, lakini nambari haikubadilika. Alirudi nacho chuoni moyo ukimdunda, akamwendea fundi wa maabara, mzee aliyekaribia kustaafu.

“Mwanangu,” mzee alimuuliza bila kukigusa kifaa, “umekwisha kukiambia kwamba kimepanda mlima?”

Alimfafanulia. Kifaa cha aina ile hurusha miali ya infraredi ndani ya kijichumba na kuhesabu kiasi kinachonyonywa na gesi. Limuru ipo zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na huko kanieneo ya hewa huwa pungufu ya ile ya pwani kwa zaidi ya moja kwa tano. Uwiano wa gesi haujabadilika, ila chembe zenyewe zimetawanyika, na kifaa huhesabu chembe. Ilitosha kuingiza kimo cha mahali katika mipangilio yake. Kazi hiyo iliwachukua dakika tano, nayo ikampa mtafiti desturi ambayo baadaye ilimwokoa: kukitoa kifaa nje na kukiuliza hewa ya uwanjani ina kiasi gani kabla ya kukiamini ndani.

Shuleni nako kulikuwa na mengine. Kisanduku cheupe chenye taa ya kijani kilipotundikwa ukutani, uvumi ulienea kijijini kuwa kinarekodi sauti na kupiga picha. Mzazi mmoja alimwondoa mwanawe katika utafiti. Mtafiti aliomba nafasi katika mkutano wa wazazi, akakifungua kisanduku hicho kwa bisibisi mbele yao wote, akaonyesha kipande kwa kipande kuwa hamna kamera wala kinasa sauti. Uvumi ulitulia, lakini mwalimu mkuu, kwa kuhofia wizi na utundu wa watoto, aliweka sharti: kifaa kiwashwe tu mwalimu akiwa darasani, kizimwe wakati wa mapumziko na chakula cha mchana, na kila jioni kifungiwe kabatini ofisini. Lilikuwa sharti la busara, na mtafiti alilikubali kwa shukrani. Hapakuwa na yeyote, si yeye wala mwalimu mkuu, aliyejua wakati huo sharti hilo lingefanya nini.

Dodoso lilikuwa kikwazo cha aina yake. Mbali na nambari, mtafiti alitaka kujua watoto wenyewe wanahisi nini, hivyo akaandaa maswali kwa Kiswahili na kuyajaribu kwanza kwa wanafunzi 20 wa darasa jingine. Swali la kwanza lilikuwa: “Je, hewa ya darasa lenu ni safi?” Wote 20 walijibu ndiyo. Alipowauliza kwa nini, msichana mmoja alieleza kuwa wao hufagia na kunyunyiza maji kila jioni. Mvulana mwingine alijibu tu, “Safi, Mwalimu!” kama mtu anayeitikia salamu. Neno ambalo katika kitabu cha sayansi lina maana moja, vinywani mwa watoto lilikuwa na maana tatu: kisicho na taka, kizuri, na sawa tu. Akabadili swali na kuuliza iwapo huhisi fukuto. Kwao Kwale, neno hilo hata mtoto wa chekechea analijua. Limuru, ambako mwezi wa Julai ukungu hukaa mashambani hadi saa nne asubuhi, watoto walitazamana.

“Fukuto ni nini, Mwalimu?” mmoja wao aliuliza. “Ni ugonjwa?”

Kuna jambo la kuzingatiwa hapa na sisi tunaojishughulisha na lugha. Msamiati huzaliwa na hali ya mahali. Mswahili wa pwani analo neno la joto lenye jasho lisilo na upepo kwa kuwa hali hiyo humpata kila mwaka. Mtoto wa nyanda za juu, ambaye hajui joto la namna hiyo, hana sababu ya kulihifadhi. Lakini hali ya darasa lililofungwa yeye anaijua, na mtafiti alipoacha kuwapa maneno na kuanza kuwaomba maneno, alipata alichokihitaji. Aliwauliza wanaona nini wanapotoka nje kwenda msalani kisha wakarudi. “Darasa huwa limejaa pumzi,” msichana wa dawati la nyuma alisema, na wenzake wakaafiki kwa kicheko. Swali hilo la kutoka na kurudi lilikuwa bora hata kisayansi, kwa maana pua ya binadamu huzoea harufu ya chumba kwa dakika chache tu, na ni yule anayeingia kutoka nje anayeweza kutoa ushahidi. “Kujaa pumzi” ndilo neno lililoingia katika dodoso.

Madirisha nayo yalikuwa na siasa yake. Kila mtafiti alipoonekana langoni, kiranja alikimbia kuyafungua yote, kwa kuwa mgeni wa hewa alikuwa amefika. Wanataaluma wanaifahamu hali hii ya watu kubadili mwenendo wanapochunguzwa, na wameipa jina la kiwanda cha Hawthorne, karibu na Chicago nchini Marekani, kulikofanyiwa majaribio kati ya 1924 na 1932. Mtafiti hakuhitaji kwenda Chicago kuiona. Alianza kuja bila taarifa, akapitia mlango wa jikoni, akayakuta madirisha yote yamefungwa.

Alimuuliza mwalimu wa darasa, mama wa makamo aliyefundisha hapo kwa miaka mingi, kwa nini yasiachwe wazi japo kidogo. Alitarajia kusikia habari za vumbi au kelele za barabarani. Mwalimu alimwonyesha mtoto aliyeketi chini ya dirisha la kwanza, sweta lake limepwaya na kutoboka viwiko.

“Hewa ni ya wote sitini na wawili,” mwalimu alisema, “lakini baridi ni ya huyu peke yake. Wewe ungekuwa yeye, usingelifunga?”

Mtafiti aliliandika jibu hilo daftarini, ingawa halikuingia katika safu yoyote ya jedwali lake. Katika wiki ya tatu alilifundisha darasa kuhusu hewa. Aliwasha mshumaa ndani ya gudulia la kioo na kulifunika, na watoto wakautazama ukififia hadi ukazimika. Wakaahidi kuwa watayafungua madirisha.

Kuanzia hapo nambari zikaanza kushuka. Wiki ya nne zilikuwa chini kuliko ya tatu, ya tano chini kuliko ya nne, na kufikia ya saba grafu yake ilikuwa imeteremka kama ngazi. Msimamizi wake alipoiona alifurahi waziwazi. “Hii ndiyo sura ya nne tuliyokuwa tukiingojea,” alisema, akamshauri aandae muhtasari wa kuwasilisha kongamanoni na aanze kutengeneza rasimu ili awahi mahafali ya Desemba. Kule Kwale, mama yake alikuwa amekwisha kununua leso mpya ya kuvaa siku hiyo.

Tatizo ni kwamba mtafiti alikuwa anaingia darasani humo. Kila alipoingia bila taarifa aliyakuta madirisha yamefungwa kama zamani, kwa kuwa Julai ilikuwa imewadia na ahadi ya watoto haikuweza kushindana na baridi. Dodoso nalo lilisema vilevile: darasa bado lilijaa pumzi. Grafu peke yake ndiyo iliyodai kuwa mambo yametengenea. Jumamosi moja alikichukua kifaa kabatini, akakiweka juu ya kiti katikati ya uwanja, akangoja nusu saa. Kilisoma 170. Alikumbuka kuwa hata kabla ya mapinduzi ya viwanda, angahewa ya dunia ilikuwa na sehemu 280 hivi. Kifaa chake kilikuwa kinamwambia kwamba uwanja wa shule ya msingi kule Limuru una kaboni pungufu ya ile ya karne zote za historia ya binadamu iliyoandikwa.

Jibu lilikuwa katika kurasa za mwisho za kijitabu cha maelekezo. Vifaa vingi vya bei nafuu vya aina hiyo hujirekebisha vyenyewe. Watengenezaji hudhani kuwa katika siku kadhaa za kazi, chumba chochote kitakaa tupu angalau usiku mmoja na hewa yake kulingana na ya nje. Kwa hiyo kifaa huichukua nambari ya chini kabisa kilichoiona katika kipindi hicho na kuifanya kuwa 400. Lakini kifaa hiki hakikuwahi kuliona darasa likiwa tupu. Kiliwashwa watoto wakiwa wamekwisha kuketi na kuzimwa kabla hawajatoka. Hewa bora kabisa kilichoijua ilikuwa ile ya watoto 62 madirisha yakiwa yamefungwa, nayo kikaiita hewa ya nje. Kila kipindi cha marekebisho kilipotimia, kilishusha kipimo chake tena. Sharti la mwalimu mkuu la kuzuia wizi na dhana ya mtengenezaji aliye mbali vilikutana ndani ya kisanduku kimoja, vikazaa grafu nzuri.

Hapo ndipo palipokuwa na mtihani wenyewe. Mwenzake waliyeishi naye chumba kimoja hakuona haja ya kuhangaika. “Nani atakifungua kifaa chako?” alimuuliza. “Grafu inasema kile ambacho kila mtu anataka kukisikia: wafundishe watoto, wafungue madirisha, hewa itengenee. Kuna ubaya gani?”

Ubaya ulikuwepo, na mtafiti aliuona. Iwapo tasnifu ingesema kuwa somo moja la mshumaa limetosha kulitengeneza darasa la watoto 62, basi msomaji yeyote ofisini angekuwa na sababu ya kutofanya lolote zaidi. Dawa ingekuwa imepatikana, tena kwa bei ya mshumaa. Yule mtoto wa dirishani angeendelea kulifunga dirisha, na sasa angelaumiwa kwa kutosikia mafunzo.

Alimwendea msimamizi na daftari lake. “Daktari, wiki saba zote hazifai,” alisema. Msimamizi aliitazama ile nambari ya 170 kwa muda mrefu, kisha akauliza kama kuna njia ya kuzirekebisha nambari za nyuma kwa hesabu. Walijaribu kwa siku mbili. Kwa kuwa kifaa hakikuhifadhi kumbukumbu ya lini kilijirekebisha na kwa kiasi gani, hapakuwa na pa kuanzia. Siku ya tatu msimamizi alisema kuwa msimu wa baridi wa Limuru huja mara moja kwa mwaka, na kwamba ni yeye mwanafunzi tu anayeweza kuamua kama ataungoja. Jioni hiyo alimpigia mama yake simu.

“Shikamoo, mama. Mwaka huu sitavaa joho.”

“Marahaba, mwanangu. Umeanguka mtihani?”

“Sikuanguka. Mizani ilinidanganya, na mimi sitaki kuwadanganya watu.”

Mama alinyamaza kidogo. “Basi leso haiozi sandukuni,” alisema. “Umekula lakini?”

Kungoja huko hakukuwa kwepesi kama kunavyosimuliwa. Alifundisha kwa kibarua katika shule ya upili ili alipe kodi ya chumba. Aliporejea Limuru kwa muhula wa pili wa mwaka wa 2025, wale watoto 62 hawakuwepo tena katika darasa lile. Walikuwa wamepanda Gredi ya Saba na kuhamia chumba kingine katika shule iyo hiyo, na mahali pao pamekaliwa na wengine. Aliyekuwa amesema kuwa darasa hujaa pumzi alimpungia mkono kutoka upande wa pili wa uwanja. Leseni ilibidi iombwe upya, na sahihi za wazazi zikusanywe upya.

Safari hii alizima uwezo wa kifaa wa kujirekebisha, na kila Jumatatu asubuhi alikitoa uwanjani kukilinganisha na hewa ya nje. Somo la mshumaa alilifundisha tena, lakini aliongeza jambo lililotokana na lile jibu la mwalimu wa darasa: wanafunzi walipangiwa zamu ya kuketi dirishani, wiki moja moja, na aliyekaa hapo alipewa koti zito lililoshonwa kwa michango ya wazazi. Kila kipindi kilipobadilika, madirisha mawili yanayotazamana na mlango yalifunguliwa kwa dakika tano. Nambari za darasa hazikuteremka kama ngazi. Zilipanda na kushuka siku nzima kama meno ya msumeno, na asubuhi za ukungu mzito bado zilipita ile 1000 ya Pettenkofer. Grafu yake haikupendeza, lakini ililingana na yale aliyoyaona kwa macho na yale watoto waliyoyasema.

Tasnifu ilipowasilishwa, wiki saba za mwaka wa 2024 hazikufutwa. Zimo katika sura ya nne, zimechorwa kwa mstari uliokatika, na chini yake kuna maelezo ya namna kifaa kilivyopotoka na sharti lililosababisha hayo. Kwa kuzisoma, mwanafunzi mwingine atakayeazimwa kifaa kama kile na kuambiwa akifungie kabatini atajua la kufanya siku ya kwanza.

Wanafunzi wa fasihi na isimu wanaweza kudhani kuwa mambo haya ni ya watu wa maabara. La hasha. Nasi pia tunavyo vifaa vinavyojirekebisha. Msimulizi wa ngano hubadili hadithi yake anapoona kinasa sauti, kama yule kiranja alivyoyafungua madirisha. Mhojiwa hujibu “safi” kwa sababu ndilo jibu la adabu. Mtafiti anayesikiliza kipande kimoja tu cha siku huja akakichukulia kuwa ndicho kawaida, na kuanzia hapo hupima kila kitu kwa kipimo kilichopinda. Idara zetu zingefanya vyema kuidai sehemu ndogo katika kila tasnifu, iwe ya sayansi au ya ushairi, inayoorodhesha data zilizokataliwa na sababu za kukataliwa kwake. Kurasa tatu au nne zingetosha, na mtahini azipe alama.

Mwalimu mkuu wa shule ile aliiomba nakala ya tasnifu. Inasemekana ukurasa aliouweka alama ni mmoja tu: ule wenye mchoro wa zamu za dirishani, ambao sasa umebandikwa nyuma ya mlango wa darasa, majina yakibadilishwa kwa kalamu ya risasi kila Jumatatu.